Mashine Haina Shangazi

Sista aliingia chumba cha kompyuta bila hodi, na pale hospitali ya macho mtu asiyebisha hodi ama ameleta balaa ama ameleta raha. Safari hii meno yote yalikuwa nje.

"Nywila! Simama. Simama kwanza nikukumbatie. Shangazi yako kapata kioo!"

Nywila si jina alilopewa na wazazi. Ni la kazini, alibandikwa kwa sababu haikupita siku bila yeye kumfokea mtu abadilishe nywila yake, lile neno la siri la kuingilia kwenye kompyuta, na aache kuiandika kwenye karatasi na kuigandisha juu ya skrini, mbele ya macho ya kila apitaye. Ndiye aliyekuwa fundi wa kompyuta wa hospitali nzima, na mdomo alikuwa nao. Lakini siku hiyo alisimama, akakumbatiwa, akapiga kigelegele kilichomshtua hata yeye mwenyewe, kisha akakaa akalia kidogo, wala hakuona haya.

Angeachaje kulia? Shangazi ndiye aliyemlea. Huyu ni mwanamke aliyemaliza ujana wake kwenye ubao wa simu, enzi zile mtu akitaka kuzungumza na mji wa pili lazima apitie kwake, yeye achomeke waya huku, achomoe kule, aseme "zungumza sasa," kisha atoe sikio lake asisikilize ya watu. Leo hii mwanamke huyo anapapasa meza kutafuta kijiko. Jicho la kushoto lilikufa zamani. La kulia limeingia ukungu, na daktari alisema kinachotakiwa ni kile kioo cha mbele cha jicho, kitoke kwa marehemu aliyeridhia akiwa hai. Vitu hivyo havianguki kutoka mbinguni. Watu wanavingoja kwenye foleni, na Shangazi alikuwa amengoja hadi amezoea kutania: "Nikifa kabla, mniwekee hicho kioo kaburini nione njia."

Na foleni yenyewe ilikuwa na historia. Zamani aliyekuwa zamu ndiye aliyewapigia wagonjwa simu. Yakazuka maneno. Fulani kaitwa mapema kwa kuwa ni wifi ya fulani, fulani simu yake eti haikupatikana na huku alikuwa amekaa nayo mapajani. Mkurugenzi akachoka na masikio yakamjaa. Akapiga marufuku simu, ikaletwa programu. Kioo kikipatikana, programu inamwandikia barua pepe aliye mbele. Akibonyeza "Nakubali" ndani ya muda, ni chake. Akinyamaza, inamhamia anayefuata. Siku ya kuizindua, Mkurugenzi alisimama mbele ya wafanyakazi akasema maneno yaliyogeuka wimbo wa hospitali: "Mashine haina shangazi." Watu wote wakaangua kicheko wakamgeukia Nywila, maana hakuna asiyejua kwamba yeye shangazi anaye, na yuko foleni.

"Yuko wodini tayari," Sista alisema, akijipepea kwa faili. Yeye ndiye muuguzi aliyekuwa akiangalia mambo ya foleni, na wawili hao walikuwa kama chanda na pete. "Jirani yake kamsomea barua jana jioni, kambonyezea. Anaingia chumba cha upasuaji saa nane. Na bahati aliyo nayo huyo mama! Mbele yake walikuwepo watu watatu. Wote kimya! Hata mmoja hakujibu, utadhani wamepigwa na bumbuwazi."

Nywila alikuwa anafuta pua. Mkono ukasimama hapo hapo puani.

"Wote watatu?"

"Wote. Kila mtu na riziki yake, mwenzangu."

Sasa we fikiria. Mtu mmoja kunyamaza, sawa, labda kasafiri, labda simu imezama kwenye ndoo. Lakini watu watatu wanaongoja macho, kila siku wanaamka na kulala wakiyawaza hayo hayo, waitwe wote wasiitike? Nywila alijua vizuri kwamba juma lililopita yeye mwenyewe aliihamisha programu hiyo kutoka kwenye mashine chakavu iliyokuwa ikikohoa, akaiweka kwenye mashine mpya.

Akaivuta kibodi. Kwenye ukurasa wa foleni, mbele ya kila barua, palikuwa na neno moja la kijani: imetumwa. Imetumwa, imetumwa, imetumwa.

"Si unaona?" Sista alisema. "Zimekwenda."

"Ngoja." Akajiandikia barua ya majaribio kwa kutumia programu ile ile. Simu yake ikalia kabla hajaondoa kidole. Akamtumia Sista, ya Sista nayo ikalia mfukoni mwa sare. Moyo ukamrudi mahali pake. Hivi ndivyo alivyofanya juma lililopita pia, baada ya kuhamisha: akajitumia yeye, akamtumia Sista, akamtumia Mkurugenzi, wote wakapata, akafunga kazi akaenda kula. Alikuwa tayari kucheka, kumbe anwani zote hizo zilikuwa za hospitali.

Alipoliona hilo, akaandika anwani yake nyingine, ile ya binafsi, ya nje, anayotumia na ndugu zake. Akabonyeza. Neno la kijani likatokea: imetumwa. Simu ikakaa kimya. Akaitikisa, kana kwamba simu hutikiswa. Kimya.

"Nini?" Sista aliuliza. "Mbona umebadilika sura?"

Nywila alifungua kumbukumbu za seva ya barua, yale maandishi madogo ambayo mashine hujiandikia yenyewe na hakuna binadamu anayeyasoma mpaka mambo yaharibike. Na pale ilikuwapo sentensi moja, imejirudia ukurasa mzima. Iliandikwa kwa Kizungu cha mashine, ila maana yake kwa lugha ya nyumbani ni neno moja tu: sikupitishii.

Seva ya barua kazi zake ni mbili. Ya kwanza ni kupokea barua za watu wa nyumbani, na hapo haina maringo, yeyote akileta barua ya mtu wa humu ndani inapokea na kumfikishia. Ya pili ni kupitisha barua ziende nje, kwa seva za watu wengine, na hapo sasa inakuwa kali, haimpitishii mtu isiyemjua. Mashine chakavu ilikuwa inajulikana kwa namba yake. Mashine mpya ilikuja na namba mpya, na Nywila, aliyekuwa akiwafokea watu wazima kwa uzembe, hakwenda kuitambulisha. Kila barua iliyokwenda kwa mgonjwa aliye nje iligonga mlangoni ikakataliwa. Na programu, kwa uvivu wa aliyeitengeneza, haikungoja kuambiwa ndiyo wala hapana. Ikishagonga tu inaandika imetumwa.

"Hazikutoka," alisema kwa sauti ndogo. "Juma zima. Hakuna hata moja iliyotoka nje."

"Ya shangazi yako imetoka!"

Nywila alifumba macho. Ya Shangazi haikutoka, kwa sababu haikuhitaji kutoka. Shangazi alikuwa amesahau nywila ya anwani yake ya kwanza, ya pili ikajifunga, ya tatu aliifungua kwa jina la paka. Mwisho Nywila aliishiwa subira akamfungulia anwani ya hospitali, kama za wafanyakazi, awe anaisimamia yeye. Kitu kidogo cha kumsaidia mzee. Katika foleni nzima, mgonjwa mmoja tu ndiye aliyekuwa mtu wa ndani, na ni kwa mkono wake.

Sista si mjinga. Alikwenda akafunga mlango, akarudi, akainama karibu kabisa.

"Nisikilize. Utarekebisha. Nani kasema usirekebishe? Lakini rekebisha saa tisa. Saa nane inapita, mama anapata jicho lake, wewe unatengeneza mitambo yako, na wale wengine wanaitwa kioo kingine kikija. Hujaiba. Hukujua."

"Sasa najua."

"Tunajua wawili. Na mimi nimeshasahau."

Nywila alitaka. Tusimpambe, alitaka kwa moyo wake wote. Aliutazama ukurasa, anwani ya Shangazi na alama ya kijani pembeni, akawaza yule mwanamke akiangalia tena nje ya dirisha na kusengenya watu kwa mavazi yao. Na kama kusudi, simu ikaita. Ni yeye.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu! Njoo unione. Wamenivisha gauni liko wazi mgongoni, upepo unanipiga mpaka kwenye heshima. Nimewaambia jicho liko mbele, huku nyuma mnatafuta nini?" Akacheka kicheko chake kirefu. "Nywila, mwanangu. Nikitoka humo wa kwanza kumwona ni wewe. Nataka kuona umenenepa au ni sauti tu."

"Nakuja, Shangazi." Akakata simu haraka.

Alirudi kwenye maandishi ya seva. Barua ya kwanza iliyokataliwa ilikuwa ya aliye mbele ya wote. Programu huwa haionyeshi majina kwa mafundi, inaonyesha anwani tu, na anwani ya huyo ilianza na neno "cherehani". Basi. Hakujua zaidi ya hapo, kama ni mke au mume, ana macho mangapi mabovu, ana watoto au hana. Cherehani. Mtu huyo labda alikuwa akiitazama simu yake kila dakika tangu alipoandikishwa, na simu haisemi kitu.

Nywila akasimama ghafla. Aliujua moyo wake, akikaa pale atashawishika. Akatoka mbio kwenda kwa Mkurugenzi, Sista nyuma yake anaita, "Wewe! Wewe, ngoja!" na alipofika akayamwaga yote kwa pumzi moja, pamoja na ile anwani ya Shangazi. Akishasema, amesema.

Mkurugenzi alikuwa mtu wa utaratibu, hata peni zake zililala mezani zikitazama upande mmoja. Alizipiga kikumbo zote akisimama.

"Unaniambia mashine yangu ina shangazi?"

"Ndiyo, mzee. Nimempa mimi. Sikukusudia, lakini ni mimi."

Akajishika kichwa. "Wapigiwe simu basi!" Kisha akajikatiza mwenyewe. "Hapana. Simu hapana. Nikiruhusu simu leo, kesho tumerudi kule kule kwa mawifi. Programu ndiyo iite. Fungua hiyo seva! Si umesema inakataa isiyoijua? Iambie imjue kila mtu, yeyote akija ipitishe."

"Haiwezekani, mzee."

"Haiwezekani au hutaki?"

"Nikiiacha wazi hivyo, kila tapeli duniani atapitisha takataka zake kwetu. Zitatoka kwa jina la hospitali. Seva za wenzetu zitatufungia milango, na hapo hata salamu haitatoka. Nipe muda niitambulishe programu peke yake, vizuri."

"Muda gani? Huyo mama yuko wodini na gauni!"

"Nenda ukamwambie daktari asubiri, mzee. Mimi nakwenda."

Alirudi kwenye kiti chake, jasho linamtoka na feni inazunguka. Sista alikuwa amesimama ukutani, amenuna, mikono kifuani, lakini hakuondoka. Nywila akaifungulia programu jina lake la kuingilia kwenye seva na nywila yake, ndefu kweli kweli, isiandikwe popote. Akaiamuru isiende tena kupitia mlango wa barua zinazoingia. Ipite mlango wa wanaotuma, kule wanapoulizwa wewe nani. Akajaribu kwa anwani yake ya nje.

Ikakataliwa.

"Aa, jamani!" Akapiga meza. Akasoma. Kukataliwa huku kulikuwa kwingine, angalau. Seva sasa inasema: nimekujua, karibu, lakini umeingia kwa jina lako na juu ya bahasha umeandika mtumaji ni mwingine. Programu ilikuwa bado inatuma kwa anwani ya zamani, ya mashine chakavu. Akabadilisha mtumaji, akakosea herufi, akafuta, akaandika upya. Akabonyeza.

Simu yake, juu ya meza, ikalia.

Ni yeye na Sista tu waliousikia mlio ule, na hakuna aliyefurahi. Sista aligeuza uso.

Kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi ya vyote. Barua zilizokataliwa haziendi tena zenyewe, lazima mtu aziamuru, na programu iliuliza kwa adabu zake za kimashine: Rudisha wito kwa aliyetangulia? Nafasi ya sasa itasimamishwa. Nafasi ya sasa ni Shangazi. Nywila alikaa na kidole hewani. Akasikia mlango wa wodi ukigongwa kule kwenye korido, na kitanda cha magurudumu kikisukumwa, hakujua ni cha nani. Akabonyeza Ndiyo, akainuka kabla hajaona kilichotokea.

"Angalia wewe kama huyo wa cherehani atajibu," alimwambia Sista. "Mimi nakwenda kumwambia kabla mashine haijamwambia."

Njiani aliomba. Na alichoomba, tukisema kweli, ni kwamba wa cherehani asijibu. Awe amesafiri kweli, simu yake iwe imezama kwenye ndoo kweli. Aliomba hivyo korido nzima, na alijichukia, na aliendelea kuomba.

Shangazi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, miguu inaning'inia, gauni amelikaza kamba zote mgongoni ili kujisitiri. Alitega sikio.

"Hizo hatua zako. Mbona unatembea kama mwenye habari mbaya?"

Nywila akapiga magoti pale sakafuni, akamshika mikono, akamweleza. Hakumficha kitu. Seva, mlango, watu wa ndani na watu wa nje. Shangazi alisikiliza bila kumkatiza, na kadiri alivyosikiliza ndivyo mikono yake ilivyokuwa baridi.

"Kwa hiyo wale waliitwa hawakusikia," alisema mwisho.

"Hawakuitwa kabisa, Shangazi. Wito ulibaki mlangoni."

"Na mimi nimesikia kwa sababu niko chumbani kwako."

"Ndiyo."

Shangazi akaichomoa mikono yake. "Nimekasirika," alisema. "Usinibembeleze, nimekasirika. Ungenyamaza mpaka jioni. Nani angejua? Nimekuosha makalio, nimekusomesha, na siku moja tu ya kuninyamazia imekushinda!" Sauti ilipanda mpaka wagonjwa wengine wakageuka. Machozi yalikuwa yanamtoka macho yote mawili, lililokufa na lenye ukungu. Nywila alibaki chini, paji la uso kwenye goti la Shangazi, akalia.

Baadaye Shangazi alipangusa pua kwa pindo la gauni.

"Huyo wa mbele ni nani?"

"Sijui. Anwani yake inaanza na cherehani."

"Mshonaji," Shangazi alisema taratibu. Aliinua vidole vyake, kidole gumba na cha shahada, akavisugua kama anayetafuta tundu la sindano. Kisha akaviacha vikaanguka mapajani. "Kwenye ubao wangu kuna siku nilikuwa na mgonjwa nyumbani, baba yako. Laini moja tu iko wazi, na mtu asiyenijua anangoja kuunganishwa. Nilitaka kumkatia niongee mimi. We acha. Mpaka leo sipendi kuikumbuka siku hiyo."

"Ulimkatia?"

Kabla hajajibu, simu yake iliyokuwa chini ya mto ikalia. Ulikuwa ule mlio mkubwa ambao Nywila alimwekea kwa barua za hospitali tu, ili asizipite. Wote wawili waliruka.

Shangazi aliipapasa, akaishika, akaigeuza huku na huku asiione. Akaunyoosha mkono gizani kwake.

"Nisomee."

Nywila akaipokea. Herufi zilikuwa zinaogelea. "Aliyetangulia amekubali," alisoma. "Nafasi yako imerudishwa foleni. Tunaomba radhi kwa usumbufu."

Mlangoni Sista alikuwa amesimama, akaitikia kwa kichwa kwamba ndivyo.

"Hii nayo imewahi," Shangazi alisema.

"Zako zinawahi siku zote, Shangazi. Uko ndani."

Shangazi akashuka kitandani, akatafuta sakafu kwa vidole vya mguu. Akageuka mgongo ili Nywila amfungue kamba za lile gauni. Fundo lilikuwa gumu, kwa hiyo ilichukua muda.

"Sikumkatia," Shangazi alisema, bado amempa mgongo. "Na wewe nitoe humo ndani. Leo hii, kabla hatujaondoka. Nifungulie anwani ya nje kama wenzangu, nami nitaikumbuka nywila yake, usijali. Nitaweka cherehani."

"Nywila haitajwi kwa mtu, Shangazi."

"Basi jifanye hujasikia," alisema, na akamnyooshea mkono amwongoze hadi nguo zake zilipo.